Msemaji Aliyekuwa Akitoka Nje

Kwa miaka mingi, ukitaka kumuoza mwanao hapa kwetu Mumbuni, ulienda kwanza kwa Msemaji, halafu ndipo ukatafuta mbuzi. Kuna wazazi waliomwendea hata kabla kijana hajapata msichana, ili wasije wakakuta Msemaji ameshikwa na wengine. Sitamtaja jina, kwa sababu yu hai na anasoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa nyama.

Mimi nilikuwa dereva wake. Kazi yangu hasa ni kuuza chakula cha mifugo mjini Machakos, lakini nina pikapu, na mtu mwenye pikapu hana Jumamosi yake mwenyewe. Pia nilikuwa mwandishi wake. Nilikaa nyuma yake na daftari, nikaandika yaliyokubaliwa, nikanyamaza. Kwa hiyo nilimjua kutoka pande mbili, ubavuni na kisogoni.

Alivaa koti refu jeusi lililofika magotini, hata ule mwezi wa pili ambapo mbuzi wenyewe hutafuta kivuli. Suruali zake zote zilikuwa nyeusi. Watu walisema hilo ni vazi la mtu anayejiheshimu, na vijana wawili watatu wakaanza kushona makoti kama hayo, wakatoka jasho kwa ajili ya heshima.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kutoka nje.

Mazungumzo ya mahari kwetu ni kazi ya kukaa. Upande wa kijana huku, upande wa msichana kule, na kila upande una msemaji mmoja. Wengine wote mko pale kuongeza uzito. Basi Msemaji wetu angesikiliza ameinamisha kichwa. Msemaji wa wale athoni, yaani wakwe, angetaja kitu kizito, tuseme ng'ombe wa pili, au tangi la maji la kumpoza mama ya msichana. Hapo Msemaji angeinuka bila neno, akafunga vifungo vya koti, akatoka. Mlango aliuacha wazi.

Wakwe wangetazamana. Halafu wangeanza kunong'onezana, na mnong'ono wa wakwe una maana moja tu, kwamba kuna kitu kitapunguzwa. Aliporudi, baada ya dakika kumi au zaidi, tangi lilikuwa limeshaondoka. Aliketi, akasema, "Mlikuwa mmefika wapi?" Hakuwahi kusema kingine.

Vijana walijifunza kwake. Kuna mmoja wa hapa mtaani aliyejaribu mbinu hiyo kwa wakwe wa binamu yake. Alitoka kwa kishindo, akafika uani, akagundua kwamba hakuwa amepanga aende wapi. Alisimama pale akitazamana na mbwa. Ndani walikubaliana mambo yote bila yeye, wakala, na sehemu yake ya nyama ikaenda kwa yule mbwa. Kipaji cha mtu hakiazimwi.

Mbinu zake nyingine nazo zilijulikana. Akifika kwa watu, hakugusa chai. Aliwekewa kikombe, akakitazama kikapoa. "Chai ni ya wakati mambo yameisha," alisema, na akina mama jikoni wakaanza kuogopa. Kisha aliomba atembezwe aone boma. Wakwe walidhani anapima mali yao, anahesabu ng'ombe, anaangalia kama nyumba ni ya tofali au ya udongo. Walimwonyesha kila kitu kwa unyenyekevu. Alipokuwa ameridhika, alirudi akachagua kiti kilicho karibu na mlango, na hilo nalo likasemwa kuwa ni la watu wa zamani, mtu mzima haketi mahali ambapo hawezi kuona anayeingia.

Kanisani pia alikaa benchi la mwisho, pembeni. Mhubiri mmoja mgeni alimtolea mfano kwenye mahubiri, akasema tazameni mzee huyu, angeweza kukaa mbele na wakubwa lakini amechagua mahali pa chini. Tuligeuka tumtazame. Hakuwepo. Mhubiri akasema bila shaka ametoka kutuombea.

Mimi nilijua. Dereva hafichwi kitu. Kati ya Mumbuni na Tala tulikuwa na vituo vyetu: kwenye miti ya mikaratusi, kwenye kalivati, na nyuma ya kinu cha unga kilichofungwa. "Simama hapo kidogo," alisema, "nione hayo mahindi." Mwaka mwingine hapakuwa na mvua wala mahindi, lakini bado aliyaona. Alisimama akinipa mgongo, mkono mmoja kwenye mti, kichwa kimeinama. Mwanzoni ilikuwa haraka. Kadiri miaka ilivyokwenda, niliweza kusikiliza taarifa ya habari yote, na michezo, kabla hajarudi. Tukienda mwendo mfupi, angetaka kuona mahindi mengine. Kuna siku tuliona mahindi mara tano, tukafika kwa wakwe tumechelewa, nao wakaona tumewadharau, wakashusha bei kabla hata hatujaketi.

Mtu wa rika la baba yako humuulizi habari za chini ya mshipi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa ya kunyamaza, na ni sababu nzuri, mtu yeyote wa kwetu ataikubali. Lakini nikisema kweli, kulikuwa na nyingine. Kutoka kwake kulitufaa. Kifungua mimba wangu alipooa, Msemaji alitoka mara nne, na mimi baba mtu nilikaa pale nikimwombea atoke mara ya tano.

Kwa maneno alikuwa fundi. Methali aliyoipenda ni mficha uchi hazai. Aliwapiga nayo wakwe waliokuwa wakizungukazunguka bila kutaja wanachotaka. Angeweza kuzungumzia jambo lolote mbele za watu, mtoto aliyezaliwa nje, bibi harusi aliyewahi kuolewa kwingine, hata kijana aliyeficha kwamba ana deni la Sacco, na angelisema taratibu mpaka mwenye aibu akajikuta amepumua. Kwa ajili ya wengine alikuwa na neno la kila kidonda. La kwake alilibeba ndani ya koti.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa magumu zaidi. Aliishi na mwanawe na mkaza mwana, na baina ya mkwe na mkaza mwana kwetu kuna haya ambayo haivukwi. Choo kiko nyuma ya jikoni. Mkaza mwana aliosha vyombo kwenye njia ya choo, kwa sababu bomba liko hapo. Basi mzee hangeweza kumpita mke wa mwanawe akielekea kule, na yeye akijua anaelekea wapi. Alikaa barazani akiwa na gazeti, akingoja amalize. Mkaza mwana naye, kwa heshima, akimwona mkwe amekaa kwa utulivu hivyo, aliona ni vyema asugue sufuria mpaka zing'ae. Sijaona nyumba nyingine hapa mtaani yenye sufuria safi kama zile.

Siku iliyovunja mambo ilikuwa Jumamosi, upande wa Tala. Tulikuwa tumekwenda kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Msemaji alikuwa na mafua wiki hiyo, na alikuwa amenunua tembe dukani, akameza mbili asubuhi na mbili tulipofika. Wakwe wale walikuwa wagumu. Walitaja ng'ombe watatu. Msemaji akainuka, akafunga vifungo, akatoka.

Dakika kumi na tano, wakaondoa ng'ombe mmoja. Dakika thelathini, wakaondoa wa pili, na mzee wao akaanza kuulizana na wenzake kama blanketi za akina mama ni lazima. Sisi tulikaa tumekunja nyuso, kama inavyotakiwa, lakini dada yangu alikuwa akinifinya kwa furaha. Ilipofika saa nzima nilitoka kumtafuta. Nilimkuta nyuma ya ghala la mahindi, mikono yote miwili ukutani, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Chini palikuwa pakavu.

"Wamefika wapi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Wameondoa wa pili. Mzee, uko sawa?"

"Rudi ndani. Waache waendelee."

Nami nikarudi ndani. Nimeyasimulia haya mara nyingi na sehemu hii huwa naiharakisha, lakini leo nitaiandika kama ilivyokuwa. Nilimwona mtu akiumia, nikarudi kuketi, kwa sababu zilikuwa zimebaki blanketi. Naona aibu mpaka leo. Nilikaa nusu saa nyingine. Blanketi ziliondolewa. Ndipo msichana aliyekwenda kuchukua kuni akapiga kelele kwamba yule mgeni wa koti amekaa chini na hawezi kuinuka.

Hospitalini alilazwa kitandani amejikunja, tumbo la chini limevimba. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini. Mwanawe Msemaji alikuwa amefika na mkewe, wamesimama nyuma ya pazia.

"Mzee, hii shida ya mkojo imeanza lini?"

"Leo," akasema Msemaji. "Ni hii mafua. Nilimeza dawa."

"Hizo dawa za mafua zinaweza kufunga njia, ni kweli. Lakini mara nyingi ni njia yenye ilikuwa imeanza kufungika. Kabla ya leo ulikuwa unakojoa vizuri?"

"Vizuri sana."

"Usiku unaamka mara ngapi?"

"Mimi nalala kama mtoto."

Daktari akaandika. Nikaona anaandika alichoambiwa. "Miaka sita, daktari," nikasema. "Anasimama muda mrefu na inatoka kidogo. Tukisafiri anasimamisha gari kila mahali. Chai hanywi. Maji hanywi. Nyumbani anaizuia mpaka njia iwe wazi. Miaka sita."

Pazia halikutikisika, lakini nilijua limesikia.

Walimwekea mpira wa kutolea mkojo. Nesi aliyeifanya kazi hiyo alikuwa wa umri wa mjukuu wake. Mfuko ukajaa, akaumwaga, ukajaa tena. Uso wa Msemaji ulilegea kidogo kidogo mpaka ukawa uso nisioujua. "Asante, mwaitu," akamwambia yule nesi, kama mtu anavyomwambia mama yake, na akalala pale pale.

Alipoamka, daktari alimweleza. Tezi dume ilikuwa imenenepa na kubana njia, na kibofu kilikuwa kimesukuma peke yake miaka hiyo yote mpaka kimechoka. Mkojo ulikuwa umeanza kurudi nyuma kwenye figo. Wangepima wajue kama kuna ubaya mwingine, na baadaye walipima na haukuwepo. Lakini atahitaji kupasuliwa. "Ungekuja mapema," akasema, "pengine ingekuwa ni tembe tu, moja kila jioni."

Msemaji alimsikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akiwasikiliza wakwe. Daktari alipoondoka, alinigeukia.

"Umenivua nguo mbele ya mke wa mwanangu."

Nguo zenyewe nesi alikuwa amezivua saa moja kabla, lakini sikulitaja hilo. Tangu siku hiyo hakunisalimu. Alipita langoni kwangu, akamsalimu mke wangu, akasalimu watoto wa jirani, akauliza hali ya ng'ombe. Mimi nikiwa nimesimama kando ya ng'ombe, hakuniuliza.

Mtaani ilisemwa kwamba alilishwa kitu kule Tala kwenye chai. Wote tuliokuwepo tulijua hakunywa chai, na ilisemwa tu. Yeye hakukanusha. Miezi aliyokaa na mpira akingoja kupasuliwa, mfuko ameufunga pajani chini ya koti, alianza kwenda kanisani na kuketi benchi la mbele kabisa, kwa sababu sasa hakuwa na haja ya kutoka. Watu walisikitika. Walisema ugonjwa umemwondolea unyenyekevu.

Halafu akapasuliwa, akapona. Mkaza mwana alihamishia vyombo upande wa pili wa jikoni, akachota maji kwa ndoo, bila kuambiwa na mtu. Hakuna aliyelizungumzia, na nadhani hilo ndilo jambo la heshima zaidi nililowahi kuliona katika nyumba ile.

Mwanangu wa pili alipata msichana huko Muthetheni, mwalimu wa chekechea, na akampenda kwa namna ambayo ilitutia wasiwasi sisi wazazi. Alikonda. Mke wangu akaenda kwa Msemaji. Akarudi na jibu: "Anasema atakuja. Lakini usimwongeleshe."

Tulisafiri kimya. Kwa mazoea nilipunguza mwendo kwenye kila kichaka, naye kila mara akatazama mbele kama mtu anayesindikizwa na mjinga. Kufika, chai ikaletwa, akanywa vikombe viwili. Ndugu yangu aliyekuwa kando yangu alishtuka. "Amelegea," akaninong'oneza. "Tumekwisha." Hakuomba kutembezwa bomani. Alikaa katikati ya chumba, mbali na mlango.

Msemaji wao alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia aliyoiweka gotini. Tulipotaja mbuzi tuliokuwa nao, aliinuka bila neno, akatoka nje.

"Wametuibia mbinu," akasema ndugu yangu.

Akarudi, tukaendelea, akatoka tena. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka mara ya tatu ndugu yangu alisimama. Ana hasira za karibu, na safari hii wajomba walikuwa upande wake. "Hii ni madharau. Wanatuona sisi ni watoto? Twendeni nyumbani." Wakwe nao wakaanza kunung'unika kwamba ni sisi tulioleta desturi ya kutoka nje katika wilaya nzima. Mama wa msichana alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mkono mdomoni. Kwetu, ukiondoka kwa wakwe bila kula, hiyo njia imeota nyasi. Mwanangu alikuwa nyuma, mikono ameibana katikati ya magoti.

Yule mzee akaingia. Nilimwona Msemaji akimtazama, kwanza paji la uso lililokuwa na jasho, kisha chini. Kiatu cha kushoto kilikuwa na matone. Msemaji akainuka, na chumba kizima kikajua kwamba sasa anatoka.

Hakutoka. "Athoni, ketini," akasema. "Na nyinyi wa kwetu, ketini. Niko na neno, na si la mbuzi."

Tukaketi.

"Nyinyi mumesikia habari zangu. Mimi ndiye yule wa kutoka nje. Watu wanasema nilikuwa natoka kwa hasira, ati nitishe wakwe. Sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa naenda kukojoa, na ilikuwa inakataa kutoka."

Hakuna aliyecheka. Jikoni mama mmoja alisema "Aiya" kwa sauti ndogo sana.

"Miaka sita nilisimama nyuma ya nyumba za watu nikingojea. Nilionea haya bibi ya mtoto wangu, nikaonea haya daktari, nikaonea haya nyinyi. Siku moja ikafungika, karibu nikufe huko Tala. Huyu dereva wangu ndiye alisema ukweli. Nikamnyima salamu mwaka mzima, na ni yeye aliniokoa." Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo, na mimi nilitazama daftari kwa sababu sikuwa nikiona vizuri. "Sasa nimepasuliwa. Nakunywa chai kama mtu. Ni hayo tu. Hapa hakuna mtu amedharau mwingine."

Akaketi. Jina alilolijenga kwa miaka yote hiyo alikuwa amelitoa mfukoni na kuliweka chini mbele ya watu, na hakuonekana kama anataka kuliokota.

Yule mzee mrefu aliizungusha kofia gotini, mara moja, mara mbili.

"Na hiyo kupasuliwa," akasema, "ni kisu, ama?"

"Wanapitia njia yenyewe. Wanakudunga sindano ya mgongo, chini husikii kitu."

"Na baadaye?"

"Wiki chache uko na damu kidogo kwa mkojo. Halafu unasimama, inatoka."

"Inatoka," akarudia yule mzee.

"Yenyewe."

Mzee akanigeukia mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na kalamu, akaniomba nimwandikie hospitali yenyewe na siku ambazo daktari huyo hupatikana. Nikachana karatasi kwenye daftari la mahari nikamwandikia. Nilipoinua kichwa, mkono mwingine ulikuwa umenyooshwa upande wao, na mwingine tena, na wa nne ulikuwa wa ndugu yangu. Niliandika zote polepole, kwa herufi kubwa, ili wasije wakamwomba mtu awasomee. Ya tano niliikunja nikaiweka kwenye mfuko wa shati langu, kwa kuwa na mimi nina miaka hamsini na minane, na tangu tuingie nilikuwa sijagusa chai.